Ergoterapi: kazi inayomsaidia mgonjwa arudilie maisha yake

Chukua mfano wa mama muuza maharage katika soko moja la Butembo. Asubuhi moja tansio inamwangusha. Anapelekwa hopitali, anakaa wiki tatu, na waganga wanaokoa maisha yake. Siku ya kutoka anaweza kusimama na kutembea polepole akishika ukuta, lakini mkono wa kuume umelegea. Nyumbani wote wanafurahi. Wanamwekea kiti karibu na mlango na kumwambia: "Mama, kaa tu, upumuzike, sisi tutafanya yote." Anavalishwa, analishwa, anapelekwa chooni. Miezi sita inapita, na yule aliyekuwa anasomesha watoto kwa pesa ya maharage anajiona mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Dawa zilifanya kazi yake. Kine naye, kama alikuwapo, alifanya yake. Kinachokosekana hapo ni kazi nyingine, yenye jina ambalo wakaaji wengi wa Beni na Butembo hawalisikii mara nyingi: ergoterapi.

Ergoterapi ni nini?

Jina hili limetoka katika Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kigiriki "ergon", maana yake kazi. Tanzania wanaiita tiba kwa vitendo. Lakini hapa "kazi" si ile ya mshahara peke yake. Ni kila kitu ambacho mtu anafanya tangu anaamka mpaka analala: kunawa, kuvaa, kula, kupika, kuchota maji, kulima, kuandika shuleni, kwenda kusali, kulea mtoto, na kwa mtoto mwenyewe, kucheza.

Watu wengi wanachanganya ergoterapi na kine. Wataalamu hawa wawili wanafanya kazi pamoja mara nyingi, lakini kila mmoja ana swali lake. Kine anaangalia zaidi misuli, viungo, pumzi na mwendo: goti hili linakunjika mpaka wapi? Mguu huu una nguvu gani? Mtaalamu wa ergoterapi anauliza: goti hili litamsaidia mtu huyu kufanya nini nyumbani kwake? Kama choo chake ni cha shimo, atawezaje kuchuchumaa? Na kama goti haliwezi tena kukunjika, je, seremala wa mtaa anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, ili aende chooni peke yake bila kusubiri mtoto wake?

Kuna pia wanaofikiri kwamba ergoterapi ni kusuka vikapu na kulima bustani katika vituo vya wagonjwa wa akili. Kazi hizo za mikono zinatumiwa kweli, lakini ni sehemu ndogo tu. Mtaalamu hachagui kikapu kwa sababu kikapu ni kizuri. Anachagua kazi kulingana na mgonjwa: kitu gani kinamkosea, na anataka kurudi wapi.

Namna anavyofanya kazi

Mtaalamu anaanza kwa kuuliza na kusikiliza. "Mama, mbele ya ugonjwa, siku yako ilikuwa inapita namna gani? Kitu gani unapenda kurudilia kwanza?" Jibu linaweza kushangaza familia. Watoto wanafikiri mama anataka kutembea mpaka kanisani, kumbe yeye anataka kwanza kujinawisha mwenyewe, kwa sababu anaona haya kuoshwa na mkwe wake.

Baada ya hapo anatazama. Hasomi tu makaratasi ya hopitali. Anamwomba mtu afanye kazi fulani mbele yake, kama kuvaa shati ao kuandaa chai. Hapo mambo mengi yanaonekana. Mwingine ana nguvu, lakini anasahau hatua: anaweka sukari mara mbili, ao anaacha moto unawaka. Mwingine, baada ya ubongo kuumia, hatambui upande mmoja wa dunia yake: anakula nusu ya sahani na kuacha nusu ya kushoto, kisha anasema hawakumpa chakula cha kutosha. Familia inaweza kuona ni ukaidi, kumbe ni alama ya ugonjwa.

Halafu wanapatana juu ya lengo dogo linaloweza kupimwa. Si "apone", ila "ndani ya wiki tatu avae shati peke yake" ao "aweze kusonga bugali akiwa ameketi". Kufikia hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuzoeza mwili na akili ili uwezo urudi. Ya pili ni kubadilisha namna ya kufanya kazi ile. Ya tatu ni kubadilisha chombo ao mahali.

Mifano ni ya kawaida kabisa. Mkono ambao hauwezi kufunga ngumi unashika kijiko vizuri zaidi kama mpini wake umenenepeshwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Sahani haitelezi kama iko juu ya kitambaa chenye unyevu. Sufuria inasimama imara ndani ya fremu ya mbao wakati mtu anasonga bugali kwa mkono mmoja. Bidoni ya litre 20 inaachwa, inachukuliwa ya litre 5, na safari zinaongezwa. Jiko la chini linapandishwa juu ya meza ya matofali ili mtu asiiname. Kwenye vilima vya Butembo, ambako nyumba nyingi ziko kwenye mteremko, ngazi za udongo zinachimbwa upya, fupi na pana, na kamba ao mti wa kushikilia unawekwa pembeni.

Mtaalamu wa ergoterapi anatengeneza pia atele, ule ubao ao plastiki ya kushikilia mkono katika hali nzuri baada ya kuungua moto ao kukatwa mishipa. Anamfundisha aliyekatwa mkono kutumia ule uliobaki. Anachagua kiti cha magurudumu kinacholingana na mwili wa mtu, kwa sababu kiti kipana mno ao kisicho na mto kinaweza kuleta vidonda vinavyoua.

Kwa nini kazi hii inahitajika hapa

Katika Beni na eneo lake, mauaji ya raia yaliyoanza mwezi wa 10, 2014 yameacha pia majeruhi wengi: watu waliokatwa kwa panga, waliopigwa risasi, waliopoteza mkono ao mguu. Kwenye barabara za miji yote miwili, ajali za moto zinavunja miguu na vichwa vya vijana kila mara. Tansio na kisukari zinaleta kiharusi, ile ambayo wengi wanaiita AVC. Na kuna watoto waliozaliwa kwa shida, ambao ubongo ulikosa hewa, na leo wana ulemavu unaoitwa kwa kifupi IMC.

Kuna pia waliopona Ebola. Ugonjwa ule, uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, ulipata watu 3,470 na kuua 2,287. Zaidi ya watu 1,100 walipona, wengi wao wa Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Kati ya waliopona, wengi walibaki na maumivu ya viungo, uchovu, shida ya macho na usingizi mbaya. Mtu wa namna hiyo haonekani mlemavu. Jirani anamwona mzima na kusema ni mvivu. Mtaalamu wa ergoterapi anamfundisha kugawa nguvu zake: kulima asubuhi na mapema kwa muda mfupi, kupumzika mbele ya kuchoka, kuketi kwa kazi zinazoweza kufanywa kwa kuketi.

Wapo tena wenye vidonda vya moyo. Mtu aliyekimbia kijiji chake akiacha maiti za ndugu zake anaweza kushindwa kuamka, kupika, kuzungumza. Kumrudisha polepole kwenye kazi za siku, moja baada ya nyingine, ni sehemu ya matunzo, pamoja na kazi ya mwanasaikolojia na dawa kama zinahitajika.

Kazi iliyokua wakati wa vita

Si ajabu kwamba kazi hii inafaa mahali penye vita, kwa sababu ilikua wakati wa vita. Mwaka 1917, katika Clifton Springs, jimbo la New York huko Marekani, watu wachache walianzisha chama cha kwanza cha kazi hii. Kati yao kulikuwa mchora ramani za majengo, George Barton, ambaye alikuwa mgonjwa mwenyewe na alitumia kazi za mikono kujiponya. Mwaka huo Marekani iliingia katika vita ya kwanza ya dunia. Muda mfupi baadaye wanawake waliofundishwa haraka walitumwa kusaidia askari majeruhi wajifunze tena kutumia mikono na vichwa vyao. Vita ya pili ya dunia iliongeza mahitaji. Mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali viliunda Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Ergoterapi. Kila tarehe 27 mwezi wa 10 ni siku yao ya dunia.

Masomo yanayohitajika

Mtu hawi mtaalamu wa ergoterapi kwa semina ya siku tano. Nchi zinatofautiana, lakini masomo ya msingi yanachukua mara nyingi miaka mitatu ao minne baada ya shule ya sekondari. Mwanafunzi anajifunza viungo vya mwili na kazi yake, mishipa na ubongo, magonjwa, saikolojia, ukuaji wa mtoto, namna ya kuchambua kazi hatua kwa hatua, kutengeneza atele na vyombo vya kusaidia, na sheria za kutunza heshima na siri ya mgonjwa. Shirikisho la Dunia linataka kila mwanafunzi afanye angalau saa 1,000 za staji mbele ya wagonjwa, akisimamiwa. Kwa saa nane kila siku ya kazi, hiyo ni karibu miezi sita.

Katika Kongo, mlango unaojulikana zaidi ni wa kine. Taasisi ya ISTM ya Kinshasa imefundisha makine kwa miaka mingi. Wataalamu wa ergoterapi wenyewe ni wachache sana nchini, na ndiyo maana katika hopitali nyingi kine anajikuta anafanya kazi mbili.

Kijana wa Butembo ao Beni anayetaka kusomea ergoterapi yenyewe anaweza kutazama upande wa mashariki. Uganda inafundisha kazi hii Mulago, mjini Kampala, safari inayoanza kwa kuvuka mpaka wa Kasindi. Kenya inafundisha katika chuo cha serkali cha KMTC, na tangu 2017 ina sheria maalumu ya kuandikisha wataalamu hawa na kuwapa ruhusa ya kazi. Tanzania ina shule katika hopitali ya KCMC, mjini Moshi. Katika nchi hizo masomo ni kwa Kiingereza, basi mwenye kusoma kwa Kifaransa anapaswa kujitayarisha mapema, na kuomba diplome yake ya serkali ilinganishwe na vyeti vya huko. Kwa Kifaransa, Ubelgiji na Ufaransa zinafundisha kazi hii kwa miaka mitatu; Ufaransa inatoa diplome ya serkali.

Mbele ya kulipa chuo chochote, maswali matatu yanafaa kuulizwa: Chuo kinatambuliwa na serkali ya nchi ile? Programu yake inatambuliwa na Shirikisho la Dunia? Na staji inafanyikia hopitali gani? Chuo kisichoweza kusema mahali pa staji ni chuo cha kuogopa.

Zaidi ya diplome, kazi inadai tabia. Mtu asiye na uvumilivu hataweza kungoja dakika ishirini mgonjwa akifunga kifungo kimoja. Anayedharau lugha ya watu naye hataweza, kwa sababu kazi yote inaanza na maongezi. Mzee wa Kinande ambaye hasikii vizuri Kiswahili hatasema shida yake ya choo mbele ya mtafsiri wa miaka kumi na tano.

Namna ya kumtambua wa kweli

Mahali ambapo wataalamu ni wachache, wadanganyifu hawakosi. Familia ina haki ya kuuliza: "Ulisomea wapi? Unaweza kutuonyesha diplome?" Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Anataka kujua mganga alisema nini. Anaeleza anachofanya na kwa nini. Anapatana na mgonjwa juu ya lengo, na anapima tena baada ya muda. Anafundisha familia, ili siku moja wasimhitaji tena.

Mwenye kuahidi kwamba mkono uliolegea utarudi mzima kwa siku saba, mwenye kuvuta kiungo kwa nguvu mpaka mgonjwa analia, ao mwenye kukataza dawa za tansio, huyo ni wa kuepuka.

Kama hakuna mtaalamu karibu

Familia nyingi za Beni na Butembo hazitakutana na mtaalamu wa ergoterapi mwaka huu. Hiyo haimaanishi hakuna la kufanya. Mbele ya kutoka hopitali, familia inaweza kumwomba kine ao muuguzi awaonyeshe, kwa mikono yao wenyewe, namna ya kumwinua mgonjwa, kumketisha na kumvalisha. Tangu miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza njia hiyo: elimu ya msingi ipewe familia na watu wa mtaa, wasisubiri hopitali kubwa peke yake. Mambo machache yanasaidia sana.

Usimvute mgonjwa wa kiharusi kwa mkono uliolegea. Bega lake linaweza kuteguka, na maumivu yake yanadumu. Mshike kwenye mwili, upande wa mgongo na kiuno.

Wakati wa kuvaa, anza na mkono ao mguu dhaifu. Wakati wa kuvua, anza na ule wenye nguvu. Kwa kanuni hii ndogo wengi wanaweza kujivalisha.

Mpe chakula akiwa ameketi wima, polepole. Mtoto mwenye IMC asilishwe akiwa amelazwa chali, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kiti chenye pembe za kumshikilia kinaweza kutengenezwa kwa mbao, ao hata kwa makaratoni na karatasi zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, ufundi uliokuzwa Zimbabwe na kuenea nchi nyingine za Afrika. Kama mtu anakohoa ao anakabwa kila anapokula, apelekwe kwa mganga.

Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Tazama matako, kiuno na visigino kila siku. Ngozi ikianza kuwa nyekundu ao nyeusi mahali pamoja, usingoje kidonda.

Mkono usiosikia usiachwe karibu na moto wala sufuria. Mtu anaweza kuungua bila kujua.

Mwisho, mwachie muda. Kuna upendo unaomfanyia mgonjwa kila kitu, na bila kukusudia unamnyima mazoezi ambayo yangemponya. Kama anaweza kufunga vifungo viwili kati ya vitano, avifunge hivyo viwili. Familia itamalizia vitatu.

Udhaifu mpya wa ghafla, mdomo kupinda, homa, ao mguu mmoja kuvimba na kuuma si mambo ya mazoezi. Hapo ni kukimbia hopitali.

Haki, si huruma tu

Kongo iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tangu tarehe 3 mwezi wa 5, 2022 ina sheria yake ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Lakini sheria haiwezi kumketisha mtu wala kumtengenezea atele. Katika Kivu ya Kaskazini, kituo cha Shirika la Umoja kinachojulikana kwa viungo bandia kiko Goma, na tangu M23 ilipochukua mji ule mwezi wa 1, 2025, vita vimefanya safari ya kutoka Beni na Butembo kuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo swali la nani atafundishwa, na atafanya kazi wapi, linahusu miji hii miwili moja kwa moja. Viongozi wa afya, vyuo vya hapa na wazazi wenye vijana waliomaliza sekondari wanaweza kuliweka mezani.

Na yule mama wa maharage? Mtu akimwuliza anachotaka, huenda hatasema "kupona". Atasema anataka kupima maharage yake tena. Kikombe chenye mkono mnene, meza ya kiasi cha kiti chake, mjukuu wa kubeba gunia, na mkono wa kushoto uliozoezwa kuhesabu pesa: kwa vitu hivyo anaweza kurudi sokoni, hata kama mkono wa kuume hautarudi wote.